Hatua Hamsini

Juzi akina mama wa Matiri tulikodi lori, tukaenda Songea kuona maonyesho ya mapigano ya ndege katika vita vya Kagera. Bwana mwonyeshaji, mtu wa serikali, fimbo mkononi, alipofika kwenye kipande cha bomu akanogewa.

"Hili, mama zangu, aliyekuwa hatua hamsini kutoka lilipoangukia hakikubaki hata kifungo chake."

Jirani yangu, ambaye mwanawe alikuwa mpiga mzinga wa kutungulia ndege, akauliza taratibu, "Na aliyekuwa kwenye mzinga, baba?"

"Huyo ndiye wa kwanza, mama."

"Wangu nililetewa barua kwamba amezikwa, kaburi lipo huko Kagera. Sasa wanunuzi binafsi wamenunua kahawa yangu, nauli ya kwenda ninayo. Nikifika nitakuta nini?"

Fimbo ikashuka. "Pengine nimezidisha, mama."

"Umezidisha sasa hivi, au kila siku?"

Akatuita kwenye kipande kinachofuata.

Mimi niliishia darasa la pili. Lakini barua ya serikali ilisema kaburi, na mtu wa serikali amesema hata kifungo hakikubaki, kwa hiyo mmoja amemdanganya mfiwa. Jirani anasema atakwenda hivyo hivyo, maana hana pengine pa kumlilia.