Spika Nne za Upande wa Kulia

Nilirudi Kilosa na shahada yangu kwenye bahasha, mwaka uleule reli ilipopunguza wafanyakazi na baba akawa mmoja wao. Serikali ilishaacha kugawa ajira kwa wahitimu. Soko huria tulilolisoma darasani nililikuta limejaza deki za video madukani, na hakuna duka lililonihitaji. Basi tukakaa sebuleni, wawili tusio na kazi, yeye kwenye kochi karibu na mlango, mimi nikitazama dari.

Kilichonichosha zaidi ni salamu. Watu walipita barazani wakimwamkia baba, naye kimya. Jirani yetu, mama muuza vitumbua, alinisimamisha njiani.

"Mwanangu, baba yako tumemkosea nini? Namtupia shikamoo tatu, hadaki hata moja. Au kiinua mgongo kimempandisha cheo?"

Nilimuuliza baba kama anasikia vizuri.

"Kuliko wewe," akasema. Televisheni nayo aliiacha. Eti watangazaji wa siku hizi wananong'ona.

Ndipo nikaamua kutengeneza spika, mbili za mbele na mbili za nyuma, sauti imzunguke mpaka akose pa kuikwepa. Sikuwa na imani sana na jambo hilo. Nani aliamua kwamba mtu lazima azungukwe na sauti ili aone mchezo? Lakini nilichoka kukaa bure. Nilikwenda Mikumi, kwenye gereji ya barabara kuu wanakochinja magari yaliyopata ajali, nikapata spika nne zilizong'olewa milangoni. Makasha nikayaunga kwa mabaki ya plaiwudi na gundi ya maji. Ndani nikajaza nyuzi za mkonge kutoka mashamba ya zamani ya Rudewa, sauti isirindime ovyo.

Baba alinitazama siku tatu. Ya nne akainuka, akagonga kasha moja moja kwa kifundo cha kidole.

"Hili limeachia."

Nilikagua. Ubavu mmoja ulikuwa umebanduka kwa ndani, ufa usiopitisha hata wembe. Miaka yote baba alikuwa mgonga magurudumu. Alipita kando ya mabehewa na nyundo ya mpini mrefu, akigonga na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele, lenye ufa hulia kama chungu kibovu. Nikajiambia basi, masikio mazima, kiburi ni kiburi tu. Ila kuna kitu kilinisumbua. Makasha yote manne alikuwa ameyainamia kwa sikio la kulia.

Nilipomaliza kufunga nyaya, nikamkalisha katikati, nikawasha taarifa ya habari. Akaitikia kwa kichwa, nzuri. Nikapita nyuma yake na kuchomoa nyaya za kulia, zikabaki spika mbili za kushoto zikisema kwa sauti ya chini, moja hatua mbili tu kutoka shavuni kwake.

"Mbona umezima?" akauliza.

Aligeuka, akaniona na nyaya mkononi, kisha akaona midomo ya mtangazaji ikiendelea kwenda. Chuo kilinifundisha kuhoji kila kitu. Hakikunifundisha nifanye nini na jibu la namna ile.

"Nyundo ile," akasema, akishika sikio la kushoto. "Wangejua, wangenipunguza miaka kumi kabla."

Hospitali alikataa kwenda. Kesho yake nikahamishia spika zote nne ukuta wa kulia, na kochi nikaligeuza, sikio zima lielekee mlangoni. Jioni mama muuza vitumbua alichungulia.

"Msomi, mbona umezipanga kama abiria wa basi lililolala ubavu?"

Kabla sijamjibu, kijana mmoja kwenye mchezo wa televisheni alimwamkia baba yake.

"Marahaba," baba yangu akaitikia kutoka kwenye kochi.

Yule mama alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Kumbe wa kwenye kioo ndio wanaoitikiwa! Haya, na mimi. Shikamoo mzee!"

"Marahaba, mama. Sasa mbona kelele zote hizo na mikono mitupu? Vitumbua viko wapi?"

Akaingia, akaketi kwenye kigoda upande wa kulia. Mimi nilikaa kushoto, upande usiosikia, nikaacha uchovu wa wiki nzima unishuke miguuni.