Presha Kuka Iliyoninyima Kazi ya Msikiti

Hili jambo nilisema sitalisimulia, lakini kwa kuwa mtaa mzima hapa Pangani (hii yetu ya Kibaha) wanalisimulia na kuongeza chumvi, bora mlisikie kwangu mwenyewe niliyeaibika. Mimi ni fundi, natengeneza pasi, feni, redio na blenda, kibanda changu kiko mbele ya nyumba, na nina mdomo, nakiri. Mteja akiniletea kitu kimekufa baada ya wiki mbili namwambia usoni, kosa ni lako, nani alikutuma ununue takataka? Nimewaambia wengi hivyo, wengine watu wazima kuliko mama yangu.

Sasa Ramadhani iliyopita baba mkwe, mzee Shomari, akatoka Vihingo kule Kisarawe na mama mkwe, waje kufuturu kwangu kwa mara ya kwanza tangu nimuoe Zuhura. Na haikuwa futari tu. Msikitini kwao walikuwa wanatafuta fundi wa kufunga sola na vipaza sauti, mzee yumo kwenye kamati, na alishaniambia kwenye simu, "Nije nikuone kwanza kwako, tutaongea." Kazi kama ile fundi pasi haipati mara mbili.

Zuhura alitaka kupika kwa mkaa. "Jiko lipo, mkaa upo, niache niinjike." Mimi nikasema acha ushamba, mzee ajue binti yake kaolewa na fundi, tumia presha kuka ya umeme (nilikuwa nimeinunua wiki ileile, hata karatasi yake ya nailoni sijaibandua). Basi mihogo, nyama, nazi, vyote vikaingia humo, mfuniko ukazungushwa, ukajifunga.

Saa kumi na mbili kasoro ikazima yenyewe, mvuke ukatoka wote, harufu imejaa nyumba nzima, mfuniko haufunguki. Nikavuta, Zuhura akavuta, tukavuta wote wawili, hola. Nikasema hii ndiyo kazi yangu, lete bisibisi, nikaigeuza kichwa chini (hata tone la nazi halikutoka, kwa kufunga ilikuwa hodari), kumbe skrubu zina vichwa vya pembe tatu, sina bisibisi ya kuziingia na simjui fundi aliye nayo, na mpini wameugandisha kwa gundi, yaani mtu amekaa mahali na akili zake timamu akaamua kwamba hiki kikifunga, fundi asikiguse. Huyo mtu namtafuta mpaka leo.

Adhana ikaadhiniwa. Wakwe wakafungua kwa tende na maji, wakaswali, wakakaa mkekani wakatulia. Mama mkwe akamwuliza binti yake taratibu, "Mwanangu, chakula kipo?"

"Kipo mama, ila kimefungwa," Zuhura akajibu, akaingia chumbani kulia. Mchuma janga hula na wa kwao, ila sisi hata hicho cha kula hakikuwepo.

Ningekuwa na akili ningetulia. Nikatoka na lile dude nje nikaanza kuligonga kwa nyundo barazani, na ndio watu wanatoka msikitini, basi wakasimama kila mmoja na hukumu yake, huyu anasema kosa la muuzaji, yule la kiwanda, mwingine la wanaoruhusu vitu hivi kuingia nchini, na mama Rehema jirani, ambaye mwezi mmoja nyuma nilimfukuza na blenda yake, akauliza bila hata kupaza sauti, "Fundi, si kosa la mnunuzi?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na huyohuyo mama Rehema ndiye aliyepitisha uji na sahani ya magimbi kwa wakwe zangu, wakafuturu cha jirani ndani ya nyumba ya fundi, mimi niko nje na nyundo, jasho linanitoka.

Walipomaliza, mzee akatoka, akalitazama dude lilivyobonyea. Nikajitetea, nikamwambia baba, si mimi, waliotengeneza ndio walivyolifanya lisitengenezeke. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Inawezekana ni kweli, mwanangu. Ila aliyetengeneza simjui, na aliyekuuzia sijamwona. Nyumba niliyokuja kufuturu ni yako."

Akaaga. La msikiti hakuligusa, na mimi sikuthubutu kuuliza. Baada ya Idi tukasikia kuna fundi mwingine kashapanda paani anafunga sola.

Lile dude nililikata kwa msumeno asubuhi iliyofuata futari ile. Mihogo imechacha, na kwenye kufuli la mfuniko kuna kidude cha plastiki, kidogo kuliko punje ya mahindi, kimevunjika kikakwama. Nimekiulizia madukani kote, hakiuzwi. Inaniuma sana.

Nimeapa, akija mgeni kwangu chakula kinapikwa kwa mkaa, na simwambii tena mteja kosa ni lako. Juzi dada mmoja wa Mlandizi kaniletea birika la umeme lililozibwa kila upande, halina hata skrubu moja, kasimama kwa wasiwasi akijua nitamfokea. Nikamvutia kiti. Nikamwambia pole dada, hili siliwezi, halafu nikamwuliza wakwe wanakuja lini.

"Kesho," akasema. "Umejuaje?"

Nikaingia ndani nikamtolea jiko la mkaa la Zuhura.