Futa Yote

Ilianza Ijumaa ya kwanza ya likizo, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, kompyuta ya shangazi ilipokataa kuamka.

Wiki nzima ilikuwa ikijikokota. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi, ukakuta bado inazungusha kiduara chake. Kila siku ilitoa onyo lilelile, kwamba mfumo wake umezeeka na wenyewe hawautunzi tena. Lakini asubuhi ile hata kiduara hakikuja. Kilikuja kioo cheusi na mstari mmoja wa maandishi meupe, basi.

Shangazi ana chumba kimoja hapa Busia, upande wetu wa Uganda, karibu na barabara ya kwenda mpakani. Anapiga chapa, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti. Ukutani ametundika shuka jeupe, na kwenye msumari kuna koti jeusi la kila mtu. Ukija na fulana unavishwa koti, unaambiwa uonyeshe masikio yote mawili, unapigwa. Nusu ya mji huu imepigwa picha ndani ya koti lile.

"Leo ndiyo unanifia?" shangazi akaiuliza kompyuta. "Leo, na watu wa Lunyo wanazika kesho?"

Watu wa Lunyo walikuwa kaka na dada waliofiwa na mama yao. Walikuja Alhamisi na karatasi yenye maneno ya ratiba ya mazishi. Picha ya kuweka mbele hawakuwa nayo, ila walijua sisi tunayo. Mama yao alikataa kamera maisha yake yote. Mwaka jana tu, kitambulisho chake kilipopotea, ndipo alipokubali kuletwa kwa shangazi, akavaa koti, akapigwa. Nakala zote zilibaki maofisini na kitambulisho kipya hakikuwahi kutoka. "Hatuna ingine, madam," yule kaka alisema. "Ni hiyo tu." Shangazi akamwambia asiwe na wasiwasi, ipo ndani ya mashine.

Mimi kwenye mkoba nilikuwa na flashi niliyopewa na binamu yangu, binti wa mama mkubwa, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni upande wa Kenya. Ndani yake kulikuwa na Linux, mfumo mwingine, wa bure. Binamu alikuwa amefufua nao mashine za rafiki zake nikimtazama. Alisema mashine kuukuu inaupenda huo kuliko ule iliyozaliwa nao.

Shuleni kwetu Tororo, kwenye maabara ya kompyuta, mimi hukaa nyuma. Jibu ninalijua, mkono ndio haupandi. Kwa hiyo sijui nilipata wapi ujasiri wa kusema, "Shangazi, naweza kujaribu kitu."

Akanitazama kana kwamba koti la ukutani ndilo limesema.

"Unaweza?"

"Naweza kujaribu."

"Haya, jaribu. Mimi nakwenda Malaba kuchukua wino. Na hiyo mashine uifute, ina vumbi mingi kama gunia ya mahindi."

Akaondoka.

Nilichomeka flashi, nikaiwasha. Baada ya muda kikaja kioo cha rangi ya bluu, safi kabisa, na orodha ya lugha. Kiswahili kilikuwemo! Nilicheka peke yangu. Nikakichagua kwa fahari tu. Kilikuwa Kiswahili cha watu nisiojua wanaishi wapi, chenye maneno kama "sakinisha" ambayo mwalimu wetu hajayataja hata siku moja, lakini nilielewa njia. Mpaka nikafika kwenye swali moja. Ningeweza kuuweka mfumo mpya kando ya ule wa zamani, au ningeweza kubonyeza palipoandikwa: Futa diski yote na usakinishe.

Ile ya kwanza haikubonyezeka. Diski ilikuwa imejaa.

Nikampigia shangazi. Nilisikia honi za malori kabla sijasikia sauti yake.

"Shangazi, inauliza kama nifute."

"Nini? Sema kwa nguvu, niko katikati ya lori hapa!"

"Nifute? Yote?"

"Futa! Futa yote, mwanangu, usiache hata kidogo! Si nakuambia toka asubuhi?"

Simu ikakatika.

Hapa niseme ukweli. Nilikumbuka kwamba binamu, kabla ya kufuta mashine ya mtu, huhamisha kwanza vitu vyake. Lakini shangazi alikuwa amejibu, tena kwa hasira. Nikajiambia labda ana nakala kwenye flashi yake, au kwenye simu. Kumpigia mtu mzima mara ya pili, kumuuliza jambo alilokwisha kulijibu kwa kelele, mimi siwezi. Hilo ndilo tatizo langu lote. Nikabonyeza.

Shangazi aliporudi, kompyuta ilikuwa inawaka haraka kuliko simu yangu. Aliweka chupa za wino juu ya meza, akaizima, akaiwasha tena kwa raha tu ya kuitazama.

"Eh! Kama ya benki! Kumbe tuna fundi nyumbani na tunampa kazi ya kuosha vyombo?"

Nikatabasamu. Nilikuwa na furaha hiyo kwa muda mfupi sana.

"Haya, fungua ile picha ya mama wa Lunyo."

Nikarudisha mikono mapajani.

"Fungua, basi."

"Hakuna kitu, shangazi."

"Hakuna kitu namna gani?"

"Ulisema nifute yote."

"Nilisema ufute vumbi!"

Tukatazamana. Vumbi lilikuwa bado lipo juu ya mashine, nene, na vidole vyangu vilikuwa vimeacha alama. Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja, kile cha mbele ya shuka jeupe. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

"Wanazika kesho saa nane," akasema. "Nitawaambia nini? Kwamba tumemzika sisi kwanza?"

Nilitoka nje nikampigia binamu, na nilikuwa nalia.

"Umefuta bila backup? Woi! Wewe ni mnoma," akasema, yaani mtu hatari. Kisha akaacha utani. "Sikiliza. Usifungue kitu, usihifadhi kitu. Zima hiyo mashine sasa hivi. Nakuja."

Alivuka mpaka kwa miguu, akafika anahema, na diski ya nje kwenye mfuko wa plastiki. Shangazi alimuuliza kama vitu vilivyofutwa hurudi.

"Auntie, kufuta si kuchoma," binamu akajibu. "Ni kama mtu amepita mtaani aking'oa namba za nyumba. Nyumba ziko. Ni posta ndiyo haijui nani anakaa wapi. Lakini huyu mtoto wako ameshajenga nyumba mpya juu ya zingine. Zile za chini zimeisha hizo."

"Ya Lunyo iko wapi?"

"Ndiyo tutajua."

Tukaiwasha kwa flashi, binamu akaanzisha programu inayopekua diski kipande kwa kipande na kuweka inachopata kwenye ile diski ya nje. Namba zikaanza kupanda polepole. Binamu akasema umeme ukikatika katikati, huenda tukaanza upya, na kila kuanza upya ni hatari. Hapo ndipo tulipomsikia jirani yetu, fundi wa kuchomelea mageti, akiwasha mtambo wake. Taa yetu ikafifia, ikarudi, ikafifia tena.

Shangazi alitoka mbio.

"Kaka, leo usichomelee! Nina mgonjwa ndani!"

"Mgonjwa gani, mama?"

"Mahututi!"

Fundi, bwana wa watu, akazima. Akaja hata kuchungulia mlangoni kumpa pole mgonjwa, akakuta wanawake watatu wameizunguka kompyuta. Akatazama, akatingisha kichwa, akarudi kwake. Lakini hakuwasha tena.

Hatukula mchana. Nilikuwa nimekaa nimefumbata mikono, nikimfikiria yule kaka akisema "ni hiyo tu", na kila gari lililopita barabarani nilidhani limemleta. Jioni programu ikamaliza. Binamu akafungua folda, na nyuso zikaanza kutoka.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Zilikuwa nyingi mno, bila majina, namba tupu. Madereva wa malori, walimu, wasichana wa shule, mawakala wa forodha, wachungaji, wote ndani ya koti lilelile jeusi, wote masikio nje, wakinitazama. Baadhi walikuwa wamekatika: jicho moja, halafu rangi ya kijivu. Mmoja alikuwa na kichwa cha mtu mwingine. Kila aliyekatika, mimi ndiye niliyemkata.

"Yupi?" binamu akauliza.

Shangazi akasogeza uso karibu na kioo. Akawachambua wazee wanawake, akawaweka kando. Walikuwa tisa. Akawatazama mmoja mmoja, akarudia.

"Simjui," akasema taratibu. "Jina nilikuwa nimeandika, naijua jina. Uso… Mtu akikaa pale mimi naangalia masikio. Masikio na kidevu. Siangalii mtu."

Nilimwona anaona haya, na sikuwahi kumwona hivyo.

Tukajaribu simu ya yule kaka. Haikupatikana. Binamu akatuachia diski yake, akaaga, maana hakutaka kiza kimkute mpakani, na kabla ya kwenda akanibonyeza bega. "Mnoma," akasema tena, lakini kwa upole.

Shangazi akawachapa wale tisa kwenye karatasi moja. Akanipa.

"Mimi nitaandika ratiba upya. Wewe asubuhi utakwenda Lunyo, uwaulize mama yao ni nani."

"Mimi?"

"Nani alibonyeza?"

"Nani alisema nifute?"

Ilinitoka tu. Sijawahi kumjibu hivyo. Akanitazama, nikadhani kofi linakuja. Akacheka kidogo, bila furaha.

"Ona sasa, kumbe mdomo iko. Kesho uibebe hiyo."

Jumamosi asubuhi, kulipopambazuka, nilipanda bodaboda kwenda Lunyo na karatasi ndani ya bahasha, chini ya sweta. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipoona turubai na viti vya kukodi, yote yakapotea. Wanaume walikuwa wanatoka kuchimba kaburi na majembe mabegani. Wanawake walikuwa jikoni, moshi umejaa. Watu wote wakageuka kutazama ni nani. Nilitaka kumwambia bodaboda ageuze.

"Mulembe," nikawasalimu kwa lugha yao. Hakuna aliyesikia. Nikasema tena kwa nguvu, "Mulembe! Poleni na msiba. Natafuta watoto wa marehemu."

Dada mtu alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso, kaka yake nyuma.

"Ratiba tayari?" kaka akauliza.

"Bado. Nimekuja kuwauliza…" Nikatoa karatasi. "Naomba mnionyeshe mama ni yupi."

Akaichukua, akaitazama, akanitazama mimi.

"Madam hamjui? Si aliandika jina?"

"Aliandika. Majina yamefutika. Mimi ndiye niliyefuta, nilikuwa natengeneza kompyuta. Tumezipata picha tena, lakini hazina majina."

"Yaani mngeweza kutuletea mama wa mtu mwingine? Tumlilie huyo?"

"Ndiyo maana nimekuja," nikasema.

Akafungua mdomo kusema zaidi, lakini dada yake alikuwa tayari ameivuta karatasi. Hakutafuta. Kidole kilikwenda moja kwa moja.

"Huyu."

Alikuwa kwenye mstari wa chini, mmoja wa waliokatika. Uso wake wote ulikuwepo, paji la uso, macho yenye kushuku kamera, midomo iliyobanwa. Kuanzia chini ya kidevu kulikuwa na kijivu tupu.

"Samahani," nikasema. "Koti limepotea. Sehemu ile haikurudi."

Dada mtu akaendelea kutazama.

"Afadhali," akasema. "Lile koti alilalamika njia nzima kurudi. Eti amevishwa kama karani wa ofisi ya gombolola." Akacheka, na kicheko kikageuka, akaziba uso kwa leso. Kaka yake akamshika bega. Baadaye huyo kaka akanirudishia karatasi, akiikunja kwanza kwa uangalifu ili mkunjo usipite usoni.

"Saa tano nitakuja kuchukua," akaniambia. "Na usiguse kitu kingine."

"Sigusi."

Nilipofika Busia shangazi alikuwa amemaliza kuandika ratiba yote kwenye mfumo mpya, akiulaani kila mstari kwa sababu vitufe vimehama mahali. Nikaketi. Nikaitafuta namba ya picha, nikaifungua, nikaikata chini ya kidevu, pale pale kijivu kilipoanzia, nikaiweka juu ya jina lake. Nikahifadhi kwenye kompyuta, na kwenye flashi, na kwenye simu ya shangazi. Kisha, kabla ya kubonyeza chapa, nikachukua kitambaa nikafuta vumbi lote juu ya mashine.