Kurasa Tatu za Maktaba ya Bibi

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu makumbusho, nikamwonyesha mlango wa iliyokuwa maktaba ya sanaa. Ndani mmejaa viti vibovu. Mlinzi akashangaa: "Maktaba? Hapa? Mie sijawahi kuisikia, dada."

Bibi yangu ndiye aliyeiendesha, mwenzangu. Siku za likizo tulitoka naye Mbagala alfajiri, chapati za moto zikiwa kwenye kopo, na kutwa nzima nilifuta vumbi kwenye vitabu vya michoro na vinyago. Chumba kilinuka gundi na dawa ya mende. Alikuwa na mhudumu mmoja, baba mpole aliyeshika funguo za kabati na kunimegea muhogo wake kila siku.

Shuleni, mwalimu wetu alichapa kila mwenye daftari lisilo na kava. Watoto wa wenye maduka walileta karatasi za kalenda zinazong'aa. Mimi niliweka gazeti, nikachekwa. Basi siku moja mhudumu alikwenda kuswali adhuhuri akasahau kufunga kabati, nami nikachana kurasa tatu za kitabu kikubwa cha michoro ambacho hakikuwa na nakala nyingine. Zilipendeza kwenye madaftari, sitaki kudanganya.

Bibi alipogundua alimwita mhudumu. Mwenye funguo alikuwa mmoja tu. "Mama, wallahi sijagusa," alisema yule baba, akalia, mtu mzima na ndevu zake. Bibi akamjibu, "Kikulacho ki nguoni mwako," na wakati huo mimi nimeshika ncha ya khanga yake.  Yule baba alifukuzwa wiki ileile.

Jioni moja bibi alikagua madaftari yangu. Aliyatazama kwa muda mrefu, akabandua zile kava, akazitia kwenye jiko la mkaa. "Kalete maji ya chai," akaniambia. Hakumrudisha kazini yule baba, na hatukulitaja tena jambo hilo.

Miaka ikapita. Msibani kwa bibi, mhudumu alikuja. Nilimwamkia, nikampelekea pilau. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, hivi bibi yako alimjuaga aliyechana kile kitabu? Mtaani mpaka leo wananiitaga mwizi."

Nilimtazama machoni. "Hapana, baba. Hakumjua."

Sasa maktaba hakuna, bibi hayupo, na michoro ile hataiona mtu tena. Yule baba naye kafariki. Nilipoletewa habari nililia mbele za watu, lakini wewe sikufichi: kwanza nilishukuru.