Wimbo wa Wageni

Mama yangu aliteleza Jumamosi moja ya mvua, kwenye ngazi za udongo zinazoshuka nyumbani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, akiwa na bidoni ya maji kichwani. Bidoni ilifika chini kabla yake. Mfupa haukuvunjika, lakini nyonga ilivimba vibaya, na daktari akamkataza kupanda mlima. Nilipofika kumwona, hakulalamika juu ya nyonga. Alisema Jumanne ni zamu yake, na hajui nani atakwenda.

Lazima nieleze zamu hiyo. Mdogo wangu amepita miaka thelathini, ila akili yake ilibaki ya mtoto mdogo. Kila asubuhi huenda kwenye kituo cha watu kama yeye, juu kidogo nyuma ya parokia. Zamani kulikuwa na walezi kadhaa. Kisha benki za mji zikafungwa, wafadhili wakawa wanakuja kwa nadra na kuahidi zaidi kuliko kuleta, mishahara ikakoma, na walezi wakaondoka mmoja mmoja. Akabaki mwanamke mmoja tu, ambaye sisi wote tunamwita Maman. Ndipo alipoweka sharti: kila familia itoe mtu siku moja kwa wiki, achote maji, aoshe, alishe, alinde mlango. Familia isiyo na mtu, mgonjwa wake abaki nyumbani. Hakulisema kwa ukali. Mikono yake ni miwili tu.

Na kwa mdogo wangu, kubaki nyumbani maana yake ni mlango unaofungwa kwa nje, kwa sababu anapenda kukimbilia pikipiki hadi barabara kubwa. Aliwahi kuishi hivyo kabla ya kituo. Nilipokuwa nikipita kuwasalimu, nilimsikia akigonga ule mlango tangu kwenye kona, bila hasira, kama mtu anayebisha hodi kwa heshima.

Siku zote hizo zamu yetu aliifanya mama. Mimi ni mkubwa wa nyumba, mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, nina mke, nina watoto, nina madaftari ya kusahihisha. Sababu sikukosa hata moja. Badala ya kwenda, nilikuwa natuma sabuni. Waliosema mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi walinijua mimi kabla sijazaliwa.

Safari hii sikuwa na pa kujificha. Nilimwahidi mama kwamba Jumanne nitakaa kituoni kutwa nzima. Lakini shuleni sikuomba ruhusa ya mchana. Nilijiambia nitaona huko huko, na nikavaa koti la suti na viatu vilivyong'arishwa ili nikitoka niende darasani moja kwa moja. Sisi walimu wa Bukavu ndivyo tulivyo. Hata tukikaa miezi bila mshahara, suruali lazima iwe na mstari.

Nilipofungua lango, mmoja wao akaliona koti, akapiga kelele. Wote wakaacha maharagwe waliyokuwa wakichambua, wakajipanga ukutani, wakaanza kuimba. Ni wimbo wa wageni. Wamefundishwa kumwimbia kila mtu aliyevaa vizuri, kwa sababu watu wa namna hiyo ndio huwaletea unga. Aliyeongoza alikuwa mdogo wangu. Nikangoja anitambue acheke. Alinitambua, na macho yakamwangaza, lakini aliimba hadi mwisho. Kisha akaleta kiti pekee cha plastiki, akakifuta kwa pindo la shati lake, akanionyesha nikae.

Nikakaa. Hapo ndipo aibu yangu ilipo, wala si penginepo. Ningeweza kuvua koti, nikashika bidoni. Maman alikuwa upande wa jikoni akimwogesha kijana mkubwa aliyejichafua, na hiyo ilikuwa kazi yangu mimi. Alinisalimu kwa heshima, akaniita professeur, akaendelea kumimina maji kwa kikopo. Niliinuka nusu. Nikatazama tope, nikatazama viatu vyangu. Wakati huo mdogo wangu akanishika mkono, nami nikashukuru kupata pa kwenda.

Alinitembeza kama wanavyotembezwa wafadhili wote.

"Yaya, apa ni fasi tunakulaka," alisema; yaya kwetu ni kaka mkubwa. "Na apa ni fasi yangu."

Fasi yake, mahali pake pa kukaa, ni mkeka uliokatika pembe, karibu na dirisha. Aliukalia kidogo ili nione namna unavyokaliwa. Kisha akanipeleka kwa msichana ambaye mikono yake hutetemeka, akamshikia kikombe anywe uji, taratibu, akimfuta kidevu kila baada ya mafunda kadhaa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anajua kufanya hivyo. Kweli ni kwamba sikuwahi kuuliza.

Saa sita akaja na fagio dogo ambalo wenyewe wanalifunga kwa majani makavu. Ndiyo zawadi ya kumuaga mgeni. Nyumbani kwetu, ndugu akizidisha kulala kochini, mama alikuwa akimtania: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa fagio nikiwa bado sijafagia chochote. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba leo mimi si mgeni, nimekuja mahali pa mama.

Akaliangalia koti langu, akanionea huruma kidogo kwa kutojua utaratibu.

"Bageni banaendaka saa sita," alisema. Akanisindikiza hadi langoni, na hapo akaniuliza swali ambalo wageni wote huulizwa: "Utarudia?"

"Nitarudia," nikasema.

Nikageuka nyuma mara moja. Maman alikuwa amebeba sahani mbili, na wengine wakimvuta kanga wakisubiri zao. Angeweza kuniita. Hakuniita, na nadhani alishazoea migongo ya watu wenye koti. Saa saba nilikuwa darasani, na nilifundisha vizuri siku ile, jambo ambalo linaniuma mpaka leo.

Jioni nilipitia nyumbani. Mama alikuwa ameketi kitandani, mguu umenyooshwa, sinia la maharagwe ya soko la Mudaka mapajani. Mdogo wangu alikuwa sakafuni akimsaidia kutoa mawe. Mama akaniuliza kama siku ilikwenda salama. Nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri tangu njiani, lakini mdogo wangu alikuwa na habari na hakuweza kuisubirisha.

"Leo tulipata mugeni," alisema kwa furaha.

"Mugeni nani?" mama akauliza.

"Yaya."

Mama hakuinua uso. Akatoa jiwe, akaliweka pembeni, akatoa jingine. Fagio lilikuwa bado mkononi mwangu, nami sikujua pa kuliweka.

"Mardi ingine nitaenda mimi mwenyewe," alisema mwishowe. Jumanne ijayo, na nyonga ile.

Nilijua jibu linalotakiwa. Mtoto yeyote wa mlimani kwetu angelijua. Nilifungua mdomo nilitoe, nikakumbuka ratiba ya darasa, nikakumbuka yule kijana aliyejichafua na maji yaliyokuwa yakimtiririka miguuni.

"Nitakutafutia motari, mama," nikasema, "akupandishe mpaka langoni."

Mdogo wangu akapiga makofi. Yeye anapenda pikipiki.