Wanawake Waliokana Udongo

Siku ya kwanza kazini niliandika jina langu mara tatu kwenye daftari la mahudhurio, kwa kuwa mara mbili za mwanzo herufi ya M haikunipendeza. Dresa Mkuu, ndivyo tulivyomwita mganga msaidizi wa zahanati, mtu mzima wa Kingoni aliyevaa kaptula ya kaki iliyonyooshwa kwa pasi, alitazama yale majina mawili niliyoyakata akasema, "Maganga, hapa tunapima damu, hatuchongi milango." Ilikuwa zahanati ndogo upande wa Temeke, enzi za Mwingereza. Mimi nilikuwa kijana wa Kinyamwezi niliyeishia darasa la nne. Mengine nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya kwenye chupa za dawa mpaka nikajua maana yake.

Nawaandikia ninyi mnaofanya utafiti wa afya leo, mjue tulivyofanya kazi, na mjue pia nilivyokosea.

Bwana Daktari wa Utafiti alitaka kujua kwa nini wanawake wengi wa upande ule, hasa wajawazito, walikuwa wamepungukiwa damu. Ninyi mnasema vihatarishi; sisi tulisema mambo yanayoita ugonjwa. Kwanza mama alitobolewa ncha ya kidole. Tone la damu lilidondoshwa kwenye karatasi kama ile ya kukausha wino, likalinganishwa na kadi yenye wekundu wa ngazi mbalimbali. Ilibidi usimame dirishani na usome upesi, maana tone likikauka linakudanganya. Kisha choo kilipimwa kwa hadubini, kutafuta mayai ya minyoo ya safura, wale wanaopenya nyayoni na kwenda kunyonya damu tumboni. Mwisho ilikuwa fomu. Unavaa viatu? Nyumbani mna choo? Unalima bondeni? Unakula udongo?

Kutoboa vidole na kujaza fomu zilikuwa kazi zangu. "Neno kwa neno, Karani," Bwana Daktari aliniambia kwa Kiswahili chake cha kitabuni. "Ukibadilisha swali, umebadilisha jibu." Nililishika neno hilo kama amri ya Mungu. Nilisimama wima nikasoma bila kumtazama mama usoni. Kwenye swali la udongo wote walisema hapana, nami nikaandika hapana, hapana, hapana, safu nzima, imenyooka kama matuta ya mihogo. Nakiri kwamba saa ya kupumzika nilikuwa naifungua ile safu niitazame tu, kwa uzuri wake.

Bibi Sikudhani, mkunga wetu, Mzaramo wa Buguruni, hakuipenda hata kidogo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani anaweza kukutukana mchana kweupe na wewe huruhusiwi kukasirika.

"We Mnyamwezi," aliniambia, "babu yako alikuja pwani na pembe kichwani, wewe umekuja na fomu. Yote mizigo tu! Unawauliza watoto wa watu kama hakimu, nani atakwambia anabugia udongo?"

"Bibi, nimeagizwa nisome kama ilivyoandikwa."

"Basi soma. Kesho nitakuletea na mbuzi wangu umsomee."

Nilicheka kwa adabu nikaendelea vilevile. Mambo ya utani niliyaona ni ya msibani na vilabuni, si ya kazi safi kama yangu.

Ndipo akaja Zena, Mzaramo, mke wa seremala wa Chang'ombe, mimba yake ya kwanza, viganja vyeupe kama unga. Tulimpa dawa ya minyoo mara mbili, na hadubini haikuonyesha tena mayai, lakini kila alipokuja tone lake lilikuwa limepauka zaidi. Bwana Daktari alipitisha kidole kwenye majibu niliyoandika. Viatu anavyo. Choo kipo. Halimi. Udongo hali. Akasema basi ugonjwa uko kwenye uboho, ndani ya mfupa, na apelekwe hospitali kubwa mjini atobolewe mfupa wa kifua kwa sindano.

Mumewe, aliyekuwa amemsindikiza, alisimama. "Mke wangu hatobolewi mfupa. Kesho nampeleka Kimbiji kwa mama yake, akajifungulie huko." Akatoka nje kumsubiri.

Sote tulijua maana yake. Kwa damu ile, Zena asingestahimili kuzaa bila dawa. Angekufa.

Nikakishika kidole chake nimpime mara ya mwisho. Chini ya ukucha mmoja palikuwa na udongo mwekundu. Hapa ndipo panaponiuma mpaka leo: nilikuwa nimeuona tangu siku ya kwanza. Kila mara niliusugua kwa spiriti ukatoka wote, nikaridhika kwamba kidole ni safi.

Niliweka fomu chini. "Zena, mtani wangu, nyumba yenu bado ina ukuta, au umeshaumaliza?"

Benchi zima la akina mama lilipasuka kwa kicheko. Zena alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. "Umebaki wa jikoni," alisema. "Huo nauacha, una moshi."

"Mie wa kichuguu," akadakia mwingine. "Ndio mtamu."

"Mwongo huyu! Juzi alikuja kubandua wa kwangu!"

Bwana Daktari alitoka chumbani mwake kwa sababu ya kelele, nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho. "Swali hilo halimo kwenye fomu."

"Halimo, bwana."

"Na wale wengine wote uliowaandikia hapana?"

Nilitamani kusema ni sahihi. "Sijui, bwana. Nadhani mimi ndiye niliyewafanya waseme hapana."

Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Nilikuwa nimeshajiona barabarani na sanduku langu. "Utarudi kwa kila mmoja," alisema. "Nyumba kwa nyumba. Na Bibi Sikudhani atangulie."

Mfupa wa Zena haukutobolewa. Bwana Daktari alimweleza mumewe kwamba udongo huzuia chakula kisimjengee damu, akampa dawa ya chuma, ile inayotia meno weusi. Zena akaacha ukuta, kwa shida, na tone lake likaanza kurudia wekundu. Alijifungulia palepale zahanati, mtoto wa kike. Seremala alitaka kumpa jina langu. Bibi Sikudhani alikataa: "Mtoto mzuri hivi, apewe jina la mpagazi?"

Baadaye nilihamishiwa Kinondoni, kisha Kimbiji, nikafika hadi kuwa mkuu wa maabara. Lakini ninachokiota ni zile wiki za nyumba kwa nyumba, Buguruni hadi Chang'ombe, mimi na kalamu nyuma, Bibi Sikudhani mbele akinitangaza kila mlango: "Hodi! Nimewaletea Mnyamwezi, mfungeni msije mkaibiwa kuku!" Fomu zilijaa madoa na makosa. Sijapata kuandika ukweli mwingi kama ule. Bibi Sikudhani alifariki nikiwa Kimbiji, habari zikanifikia ameshazikwa. Mtani wake sikuwepo.

Sasa nimestaafu. Kila ninapopita ni shikamoo, naachiwa kiti. Heshima ni nzuri, ila ina upweke wake. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya presha. Muuguzi, binti mdogo, aliinamia fomu akauliza kwa adabu tele, "Mzee, dawa unameza kila siku?"

"Kila siku, mwanangu."

Akaandika, kwa mwandiko mzuri sana. Nyumbani kichupa cha dawa bado kimejaa.

Nilifika mlangoni nikarudi. "Mwanangu, kwenu ni wapi?"

"Maneromango, mzee."

"Mzaramo! Mimi Mnyamwezi. Weka kalamu chini, nitukane kwanza, halafu uniulize tena."