Raba Zilizopakwa Matope

Juzi nimepita sokoni Kyela, nikakuta ukuta wa kibanda cha mama umepakwa rangi nyekundu tupu. Nilisimama pale hadi muuzaji akaniuliza nataka nini. Ningemwambia nini, rafiki yangu? Kwamba pale nilichorwa mimi?

Mama aliuza raba. Mwaka ule alizileta nyingi kutoka Mbeya kabla ya michezo ya shule, na zisipouzika, kibanda kinarudi kwa mwenyewe. Akamwita mchoraji wa mabango. Nikavishwa pea nyeupe, nikasimamishwa mguu mmoja juu kama korongo, na harufu ya samaki mbasa wa kukaanga wa jirani yetu ikinitesa. Mchoraji aliijua kazi yake: raba aliichora kubwa kuliko kichwa changu, akanipa na mapaja nisiyokuwa nayo.

Ila alinichora nikikimbia kutoka mlangoni. "Mwe! Huyu kaiba, mkamateni!" jirani akapiga kelele, na soko zima likacheka. Watu walikuja kutazama, wakaondoka mikono mitupu.

Mama hakucheka. Alivuka barabara, akautazama ule ukuta mvua ikimnyeshea, akarudi. "Mgeuze, aje dukani," akamwambia mchoraji. "Na hizo raba zipake matope. Mtu wa Mwaya, kwenye tope lile, akiziona nyeupe hivyo atajua hazijawahi kutoka ndani."

Alijua anachosema. Leo natengeneza matangazo ya viatu mjini, na vijana ofisini huniletea kiatu kinachoelea peke yake kwenye mwanga. Nawauliza kinaenda wapi, wananiona mshamba. Wateja hawanioni hivyo.

Mchoro ulipobadilishwa, raba zilinunuliwa kama mchele mpya. Asubuhi ya michezo ilibaki pea moja tu, ile ya miguuni mwangu, nami nikitamba nayo, mpaka baba mmoja wa Njisi alipoonyesha ukutani: "Nataka hizo hizo."

Mama alinitazama, akainama, akanifungua kamba. "Ndaga fijo, baba," akamshukuru mteja, sauti haikutetereka. Nililia njia nzima hadi uwanjani. Nikakimbia pekupeku, watu wakishangilia yule wa ukutani huku wakinitazama miguu, na niliwashinda wakimbiaji wote.

Kibanda kilibaki chetu hadi mama alipofariki. Nimetafuta picha yake akiwa pale, sina hata moja. Mchoraji alishinda kwetu na makopo yake yote ya rangi, na hakuna aliyefikiri kumwambia amchore na mama.